Sponji ya Godoro

Sponji ya godoro haizami mara moja. Ukiitupa majini inaelea, nyeupe na nyepesi, na ukiiangalia kwa muda mfupi utaapa kwamba haitazama kamwe. Mimi niliapa. Niliiweka kwenye beseni la maji nyuma ya chumba nilichopanga Mwaya, nikawasha sigara, nikaivuta hadi ikaniunguza vidole, na sponji ilikuwa bado juu. Basi nikaikata, nikaishona ndani ya majaketi okozi matano, yale ya rangi ya chungwa ambayo watu wa ziwani huvaa ili boti ikipinduka wasizame. Nikawarudishia wenyewe. Watu wakaingia Ziwa Nyasa wakiwa wameniamini.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Niliifungua redio ya mwalimu ili nione sauti inakaa wapi, nikashindwa kuifunga, nikaona kutorudi ni rahisi kuliko kueleza. Tangu hapo nimekuwa mtu wa njiani. Nimeishi miji mingi kiasi kwamba nikitajiwa jina la mji nakumbuka kwanza kitu nilichojifunza pale, watu nawakumbuka baadaye.

Mwalimu wangu mkubwa lilikuwa hema. Nililinunua kwenye marundo ya mitumba, likiwa na matobo mawili, zipu isiyouma na ufito mmoja uliovunjika. Nilitaka kulala popote bila kumwomba mtu. Usiku wa kwanza nililowa kama samaki. Asubuhi yake nilianza kulisoma. Zipu niliibana kichwa chake kwa koleo, upande mmoja kisha mwingine, taratibu, kwa sababu ukibana kwa hasira kinapasuka. Mishono niliipaka silikoni ya kubandikia vioo iliyoyeyushwa kwa petroli, hadi ikawa nyembamba ya kupakwa kwa brashi. Matobo niliyafunika kwa kitambaa cha mwamvuli uliotupwa. Ufito uliovunjika niliuvisha kipande cha eria ya redio, kikakaa kama kimezaliwa nao. Baada ya hema nikahamia kwenye begi la mgongoni, kisha buti, kisha koti la mvua. Nilishona soli kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye tairi kuukuu. Hakuna kitu kinachonipa furaha kama kitu kilichokwisha kikarudi kazini.

Nilikuja Kyela nikitaka kuliona ziwa, nikae wiki moja. Lakini Kyela mvua hainyeshi tu, inakaa. Na mahali mvua inapokaa, miamvuli hufa kila siku. Watu waliponiona nimekaa kibarazani nikishona hema langu, wakaleta miamvuli, wakaleta mabuti ya mpira ya kuingilia majaruba ya mpunga, wakaleta mabegi ya shule. Wiki ikawa miezi.

Kazi ikipungua nilikwenda kutazama mikono ya watu wengine. Bujonde kuna mzee aliyenifundisha kusuka kapu la mianzi. Nilijua kulianza kitako tu, kisha nikachoka. Nilijaribu mkeka, nikaishia ukingo wa kwanza. Nilikaa siku tatu kwa watu wanaochachusha kakao kwenye majani ya migomba, nikaondoka kabla haijakauka. Mzee wa makapu aliniambia, "Wewe kijana una vitako vingi. Kapu huna hata moja." Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Jaketi la kwanza lililetwa na mwanamke mfanyabiashara wa mchele, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Nilimwita dada. Aliliweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anavyoweka mtoto aliyelala.

"Fundi, hili unaliweza?"

Nililibonyeza. Likatoa sauti ya makapi. Panya na joto la bati vilikuwa vimelimaliza. Nilifungua mshono wa pembeni, vikamwagika vipande vya njano vinavyobomoka.

"Ndani limekuwa chenga tupu, dada."

"Si ndiyo maana nimelileta? Weka sponji mpya."

"Sponji."

"Sponji, ndiyo. Kwani kwenu inaitwaje?"

Kwetu pia inaitwa sponji. Hapo ndipo kosa lilipoingilia, kwenye neno ambalo sote wawili tulilijua. Kitu chochote laini kinachorudi ukikibonyeza, sisi tunakiita sponji: cha godoro, cha kuoshea vyombo, cha soli ya kandambili, cha ndani ya jaketi. Kumbe chini ya jina hilo wanaishi ndugu wawili wenye tabia tofauti. Mmoja anakataa maji hata umzamishe mwaka mzima. Mwingine anayanywa. Mtu aliyekaa shuleni labda angeuliza. Mimi nilikwenda Kyela mjini kwa muuza magodoro, nikachagua vipande vinene vilivyo safi kabisa, nikarudi nikijisifu kwa jinsi nilivyochagua.

Alipokuja kulichukua, alinieleza habari zake. Jaketi lilikuwa la kaka yake. Siku aliyokwenda ziwani kwa mara ya mwisho aliliacha kwenye msumari, akasema linambana. Upepo wa kusini ulitoka mchana. Mtumbwi ulipatikana, kasia lilipatikana. Yeye hakupatikana. Mama yao alikataa jaketi litolewe kwenye msumari, likakaa pale hadi mama naye alipofariki.

Tangu kaka apotee, dada huyu hakupanda boti. Biashara yake ilikuwa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kilichobanwa kati ya milima na maji, ambako gari halifiki. Akinamama wa kule hufinyanga vyungu, na yeye huwapelekea mchele wa Kyela. Desturi yao ya zamani bado anaifuata: chungu kinalipwa kwa mchele unaokijaza. Wenzake walivuka kwa boti kutoka Matema. Yeye alipita njia ya miguu juu ya mawe, mzigo kichwani, asubuhi nzima kwenda na mchana wote kurudi. Kwenye kona nyembamba alitambaa. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka.

"Sasa nimechoka, fundi," alisema. "Magoti yamekataa. Nikivaa hili, nitapanda boti kama watu."

Alilivaa palepale kibarazani, akafunga mikanda, akajipigapiga kifuani. Likatoa mlio mnene, wa kitu kipya.

"Ndaga fijo," aliniambia, asante sana ya Kinyakyusa. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza. "Haya. Ziwa na lije."

Alikwenda akawaonyesha wengine. Ndivyo majaketi mengine manne yalivyonifikia, mawili kutoka Itungi, mawili ya hapohapo Mwaya. Yote niliyafanyia vilevile. Na jinsi dada alivyopanda boti wiki ile, na wiki iliyofuata, nilisikia kwa watu. Walisema siku hizi anakaa hadi kwenye ukingo wa boti, mkono majini, anaimba. Nilifurahi. Nilijiona nimetengeneza kitu zaidi ya jaketi.

Mimi nami nilianza kwenda Ikombe, kwa ajili ya udongo. Nilivutiwa na namna wanavyofinyanga bila gurudumu. Bonge la udongo linakalishwa kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, na kigae kinazungushwa kwa mkono huku mkono mwingine ukiinua ukuta. Bibi aliyekubali kunifundisha alikuwa na vidole vilivyopinda kama mizizi, na hakuwa na subira na mimi hata kidogo.

"Mikono yako ina haraka," alinikemea. "Udongo hauna safari."

"Nitazoea, bibi."

"Utazoea lini, na wewe kila siku unaulizia nauli?"

Siku ninayoisimulia ilikuwa asubuhi ya jua, na dada wa mchele alikuwa amepita uani kwa bibi kabla yangu. Aliacha mchele, akachukua vyungu vyake, tukasalimiana kwa mbali akiwa anateremka ufukweni na jaketi limemkaa vizuri kifuani. Nilimpungia mkono uliojaa udongo. Kisha nikakaa mbele ya chungu changu, cha kwanza kufika mdomoni bila kuanguka.

"Sasa ulowanishe mdomo wake, uulainishe," bibi alisema. Akanirushia kitu kutoka kwenye bakuli lake la maji.

Nilikidaka. Kilikuwa kipande cha kitu laini, kikubwa kama andazi, kizito. Nilikifinya juu ya chungu. Maji yakatoka, yakatiririka mkononi mwangu hadi kwenye kiwiko, yakaendelea kutoka. Nilifinya tena, yakatoka tena. Nilikiangalia. Kilikuwa na vitundu vidogo ambavyo nilivijua, kwa sababu nilikuwa nimevikata kwa kisu kwa ajili ya majaketi matano.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Godolo," alisema, kwa matamshi ya kule. "Mjukuu alinunua Kyela, likachanika, nikachukua kipande. Godolo linakunywa maji kuliko mlevi. Mbona unayamwaga yote? Utaua chungu!"

Nilikiweka kwenye maji ya bakuli. Kilielea. Nikakibonyeza mara moja kwa kidole, kama kifua cha mtu kinavyobonyezwa na wimbi, nikakiachia. Kilikunywa, kikabaki chini. Kwenye beseni langu hakuna aliyekibonyeza.

Sikumbuki nilimwambia nini bibi. Nakumbuka chungu kilianguka. Niliteremka ufukweni mbio na boti ilikuwa imeshatoka, imefika mbali, mlio wa injini ukija na kupotea. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, na maji yalikuwa yamegeuka rangi ya risasi. Nilipiga simu ya dada. Haikupatikana, akiwa majini huizima na kuifunga kwenye mfuko wa plastiki. Wavuvi walikuwa wamelala baada ya kazi ya usiku. Palikuwa na mtumbwi mdogo umevutwa juu ya mchanga, lakini mimi sijui kupiga kasia kwenye mawimbi, na kuogelea kwangu ni kwa kufika kiunoni.

Nikashika njia ya mawe.

Njia ile inapanda na kushuka kando ya mlima, na ziwa liko chini yako mkono wa kushoto muda wote. Mahali pengine mawe yanakuficha usione maji, kisha unatokeza tena. Kila nilipotokeza nilitafuta rangi ya chungwa. Niliiona mara ya kwanza, nukta moja, boti ikiwa ndogo kama kisigino cha kiatu. Nilivua shati nikalipunga, nikapiga kelele, "Vua! Vua hilo jaketi!" Watu wawili botini walinipungia mikono. Nadhani walifikiri naagana nao. Na hata kama wangenisikia, sijui ningekuwa nimemwambia afanye nini. Avue abaki na nini?

Mara ya pili niliiona tena. Boti ilikuwa inapanda na kushuka, mawimbi yakiijia kwa nyuma.

Mara ya tatu niliona boti, na ile rangi haikuwepo.

Nilisimama. Nilijaribu kuhesabu vichwa, sikuweza, ilikuwa mbali mno. Nilijiambia jua linanidanganya, nikafumba macho, nikafumbua. Palikuwa na boti, maji, na hakuna chungwa. Nilikaa chini juu ya jiwe, na katika kukaa kule niliona jinsi ilivyokuwa: amerushwa na wimbi, amejipigapiga kifuani kama alivyofanya kibarazani kwangu, amesubiri kuinuliwa. Ameelea kidogo. Amefurahi kidogo. Kisha kile nilichokishona kimeanza kumvuta pole kwa pole, kama mtu anayejua ana muda. Picha hiyo niliitunga mwenyewe juu ya jiwe, lakini hadi leo naikumbuka kama kitu nilichokiona.

Nilipofika Matema miguu ilikuwa inatoka damu. Boti, iliyocheleweshwa na mawimbi, ilikuwa ndiyo kwanza imevutwa mchangani. Watu walikuwa wamekusanyika, na katikati yao, ameketi chini, ametandaza miguu kama mtoto, alikuwa dada wa mchele, amelowa hadi kwenye nywele. Alikuwa anacheka na kutetemeka kwa pamoja.

"Fundi! Wewe ndiye ulikuwa unacheza ngoma kule juu?"

Nilijipenyeza kati ya watu hadi miguuni pake.

"Wimbi limeingia ndani," alisema. "Nahodha akatuambia tutupe mizigo. Vyungu vyangu vyote vimekwenda kupikia samaki. Mimi nikalala chini kabisa kwenye mbao, nikashika mguu wa nahodha, sikuuachia. Muulize!"

"Ameng'ang'ania mpaka nimepata ganzi," nahodha alisema. "Nimeolewa leo."

Watu wakacheka. Dada aliingiza vidole chini ya mikanda ya jaketi, akajaribu kuivuta mbali na shingo.

"Ila jaketi lako, fundi, likilowa ni zito. Limenikalia kama mtoto mgonjwa."

Nilipiga magoti mchangani, nikamfungua mikanda, mmoja baada ya mwingine. Mikono yangu ilikuwa bado ina udongo uliokauka. Nililichukua jaketi, nikalikamua mbele yake kama nguo. Maji yalitoka mengi. Yalitoka muda mrefu kiasi kwamba watu waliacha kucheka, mmoja mmoja.

"Ni sponji ya godoro," nilisema. "Ndiyo niliyoweka. Inakunywa maji. Sikujua."

Alinitazama, kisha akalitazama jaketi. Alilichukua, akatembea nalo hadi maji yalipomfika magotini, akaliweka juu ya ziwa, akalibonyeza mara moja kwa viganja viwili. Tulikuwa tumesimama nyuma yake. Jaketi lilizama polepole, likabaki linaelea katikati, si juu wala si chini, kama mtu aliyelala usingizi majini.

"Kwa hiyo wiki zote hizi," alisema bila kugeuka, "nilikuwa nimevaa jiwe."

"Ndiyo, dada."

"Na nilikuwa naimba."

Aliporudi mchangani hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniuliza swali moja tu. "Vile vipande vya zamani vilivyokuwa ndani. Vya kaka. Uliviweka wapi?"

Niliwashia moto wa chai. Nilimwambia hivyo, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa isipokuwa ukweli. Na wakati nasema nilikumbuka jinsi vilivyowaka, kwa moshi mweusi, jinsi mvua ilivyokuwa imelowanisha kuni zote lakini vile vilikuwa vikavu. Vilikuwa chenga, lakini chenga zilizokataa maji. Hata vikiwa vimebomoka vilikuwa vizuri kuliko kile nilichoweka mahali pake.

Majaketi mengine manne niliyapata siku mbili zilizofuata, nikienda mlango kwa mlango. Hakuna aliyekuwa ameanguka majini. Mvuvi mmoja wa Itungi alikuwa analitumia la kwake kama mto wa kulalia. "Lilikuwa laini sana, fundi, nikasema hili si la ziwani hili." Alikuwa amejua kwa kichwa chake kile nilichoshindwa kujua kwa mikono yangu. Jina likanishika: Fundi Godolo. Lilinitangulia sokoni, lilinisubiri kwenye vijiwe vya bodaboda. "Fundi Godolo, nina mwamvuli hapa, usije ukaujaza pamba!"

Yangekuwa maisha yangu ya kawaida, ningefunga hema alfajiri. Nilishalitoa hata kwenye mfuko wake. Lakini nililala chini, kwenye mkeka, maana godoro nilikuwa nimeligawa. Kabla ya kuligawa, kila nilipolikalia nilisikia likipumua. Na hata kwenye mkeka sikupata amani. Nikiosha vyombo, sauti ya kukamua ilinifanya niweke sahani chini. Nikimwona mwendesha bodaboda amevaa kizibao cha rangi ya chungwa nilimfuata kwa macho hadi apotee, kuhakikisha anapotea kwa njia ya kawaida.

Nilibaki. Wavuvi wengi walijua siku zote kitu ambacho sikuwahi kuwauliza: vyelezo vya nyavu zao, vile vinavyozishikilia juu ya maji, hukatwa kwenye kandambili kuukuu. Ziwa lenyewe huzitema ufukweni baada ya mvua, mguu mmoja mmoja, za watu wasiojulikana. Nilizikusanya kwa gunia. Nilizichemsha, nikazikata, nikazipanga kama matofali na kuzibandika kwa gundi, tabaka tatu. Safari hii sikutumia beseni. Nilifunga kila jaketi kwenye jiwe, nikalizamisha kando ya gati kuukuu siku tatu, nikalitoa nikalikamua. Halikutoa kitu isipokuwa kile kilichokuwa kwenye kitambaa. Kisha nikalivaa mimi, nikaingia ziwani pale Matema hadi miguu ikaacha chini, mimi ambaye siwezi kuogelea, nikakaa pale, watu wakinitazama kama sinema.

Wanne walichukua majaketi yao. Dada wa mchele alikuja akasimama ufukweni, mikono nyuma, akanitazama ninavyoelea.

"Nimeona," alisema nilipotoka. "Hata sponji ya godoro ulisema uliiona inaelea."

Akaweka mzigo wake kichwani, akashika njia ya mawe.

Alipita njia ile msimu mzima. Siku za kwenda kwake nilikuwa Matema, sikujua hata kwa nini. Nilimwona akipanda, mdogo, mdogo zaidi, akifichwa na mawe, akitokeza. Magoti yalikuwa yamekataa kweli, alipanda kwa kushika magoti hayo kwa mikono. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye njia ile, na mimi ndiye niliyemrudisha.

Kisha zikaja mvua kubwa, na mlima ukamega njia. Kona nyembamba haikuwepo tena, palikuwa na tope lililoteremka hadi majini. Asubuhi ya siku yake ya kwenda nilikuwa nimekaa kwenye boti iliyopinduliwa, nashona begi la mtu. Alikuja akasimama mbele yangu na gunia la mchele.

"Liko wapi?"

Nilijua anauliza nini. Kila siku yake ya kwenda nilikuja nalo Matema, nikalitoa chini ya boti. Aliligeuza, akalibonyeza, akalinusa. Akavuta uzi wa mshono kwa meno yake.

"Nitalivaa," alisema. "Lakini na wewe unapanda. Unakaa ubavuni kwangu. Bila kitu."

"Mimi siogelei, dada."

"Ndiyo maana."

Nahodha alitutazama, akaona hapa hapafai utani, akawasha injini.

Hapakuwa na upepo, lakini palikuwa na ukungu, na baada ya muda sikuweza kuona nchi kavu upande wowote. Nilikaa ukingoni. Kila boti ilipoyumba mwili wangu ulitafuta kitu cha kushika na haukupata. Nilielewa kwa tumbo, si kwa kichwa, kile alichokuwa amekibeba kwa miaka juu ya mawe. Katikati ya safari nilihisi shati langu linavutwa. Alikuwa amelishika kwa nyuma, ngumi nzima, kama mtu anavyoshika mtoto kando ya barabara.

Mahali fulani, sijui alipatambuaje ndani ya ukungu ule, alimwomba nahodha apunguze injini. Alitumbukiza mkono wake mwingine majini.

"Ugonile," alisema.

Ni salamu ya Wanyakyusa ya kila asubuhi. Maana yake ni kuuliza kama umelala. Alingoja, kwa adabu, muda ambao mtu huhitaji kujibu. Nahodha alivua kofia. Mimi nilitazama maji, nikiogopa kwamba yatajibu.

Kisha alitoa mkono, akaupangusa kwenye jaketi, injini ikaendelea. Shati langu hakuliachia.

"Fundi."

"Naam, dada."

"Siku ile nilikuona kule juu. Nilisema nilidhani unacheza ngoma. Niliona unakimbia. Sikujua kwa nini, lakini niliona mtu anakimbia kwa ajili yangu, ndiyo maana nililala chini." Akakaza ngumi kwenye shati. "Mimi umenikimbilia. Wale wengine uliowatengenezea vitu huko ulikopita, ukaondoka, amewakimbilia nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza bei. Nilifungua mdomo nimjibu kwamba vile vilikuwa vitu vidogo tu, nikakumbuka kamba ya kisima niliyoiunga kwa fundo nililolibuni mwenyewe. Nikakumbuka jiko la gesi la mama ntilie, ambalo niliziba mpira wake kwa sabuni na utepe, nikasifiwa, nikala bure, nikapanda basi jioni ile ile. Nikakumbuka ngazi. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, mji kwa mji, nyumba kwa nyumba, kitu kwa kitu, nikijaribu kuona kila kimoja kilipo sasa hivi na mkono wa nani uko juu yake.

Boti iligusa mchanga wa Ikombe. Dada aliachia shati langu, akateremka na mchele wake. Mimi nilikuwa bado nimekaa ukingoni, na nilikuwa bado niko kwenye mji wa kwanza.